Katharine Burr Blodgett

Katharine Burr Blodgett (10 Januari 1898 – 12 Oktoba 1979) alikuwa mwanafizikia na mwanakemia kutoka Marekani. Anajulikana kwa utafiti wake kuhusu matabaka yenye unene wa molekuli moja. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuajiriwa kama mwanasayansi katika maabara ya utafiti ya kampuni ya General Electric mjini Schenectady, na mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uzamivu katika fizikia kwenye Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza.

Anakumbukwa hasa kwa kutengeneza kioo kisichoakisi mwanga, kilichotangazwa mwaka 1938. Sehemu nyingine ya kazi yake haijulikani sana: wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alichunguza erosoli, yaani chembe ndogo sana za kitu kigumu au kimiminika zinazoelea hewani, kama vile moshi, ukungu na matone ya mawingu. Utafiti wa kioo na utafiti wa moshi huonekana kama mambo mawili tofauti, lakini yote mawili yanahusu namna mwanga unavyotenda unapokutana na kitu ambacho ukubwa wake unakaribia urefu wa wimbi la mwanga wenyewe. Kwa kioo, lengo lilikuwa mwanga upite karibu wote. Kwa moshi, lengo lilikuwa mwanga utawanywe kiasi kwamba kilichoko nyuma ya moshi kisionekane.

## Maisha ya awali na elimu

Blodgett alizaliwa mjini Schenectady, jimbo la New York. Baba yake, George Blodgett, alikuwa mwanasheria aliyeongoza idara ya hataza ya General Electric. Aliuawa kwa kupigwa risasi na mwizi aliyeingia nyumbani kwao, wiki chache kabla ya Katharine kuzaliwa. Mama yake alihamia jiji la New York pamoja na watoto wake wawili, kisha mwaka 1901 akaenda nao Ufaransa kabla ya kurudi Marekani.

Akiwa na umri wa miaka 15 Katharine alipata ufadhili wa kusoma katika Bryn Mawr, chuo cha wanawake huko Pennsylvania, na alihitimu mwaka 1917. Mmoja wa walimu waliomvutia alikuwa mwanahisabati Charlotte Angas Scott. Katika likizo ya Krismasi ya mwaka wake wa mwisho chuoni alitembelea maabara ya General Electric, ambako mwanakemia Irving Langmuir alimwonyesha kazi zilizokuwa zikiendelea na kumshauri aongeze elimu kwanza.

Blodgett alikwenda Chuo Kikuu cha Chicago na kupata shahada ya uzamili mwaka 1918. Utafiti wake ulihusu jinsi mkaa unavyonasa gesi. Lilikuwa suala la uhai na kifo, kwa kuwa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia gesi za sumu zilitumika kama silaha, na barakoa za askari zilijazwa mkaa. Aina bora ya mkaa huo kwa barakoa za Marekani ilitengenezwa kwa vifuu vya nazi. Mkaa wa namna hiyo una vitundu vingi vidogo sana ndani yake, hivyo kipande kidogo kina eneo kubwa la uso ambalo molekuli za gesi hujishika. Kwa njia hiyo Blodgett aliingia mapema katika sayansi ya nyuso, ambayo ndiyo iliyomshughulisha maisha yake yote.

## Kazi General Electric na masomo ya Cambridge

Mwaka 1918 Blodgett alianza kazi chini ya Langmuir, ambaye baadaye, mwaka 1932, alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa utafiti wake kuhusu kemia ya nyuso. Katika miaka ya kwanza walifanya utafiti wa mikondo ya umeme ndani ya mirija yenye hewa kidogo sana. Makala zao za mwaka 1923 na 1924 zilionyesha jinsi ya kukokotoa mkondo unaopita kati ya silinda mbili, moja ikiwa ndani ya nyingine, na kati ya tufe mbili zilizopangwa vivyo hivyo.

Langmuir alimsaidia kupata nafasi katika maabara ya Cavendish huko Cambridge, iliyoongozwa na Ernest Rutherford. Huko alichunguza tabia ya elektroni ndani ya mvuke wa zebaki, na mwaka 1926 akatunukiwa shahada ya uzamivu. Wakati huo Cambridge ilikuwa haijawakubali wanawake kuwa wanachama kamili wa chuo. Haki hiyo waliipata mwaka 1948. Baada ya masomo alirudi Schenectady na kubaki huko hadi alipostaafu.

## Tabaka la molekuli moja juu ya maji

Watu wamejua tangu zamani kwamba mafuta kidogo husambaa sana juu ya maji. Mwaka 1774 Benjamin Franklin alieleza jinsi kijiko kimoja cha mafuta kilivyotuliza mawimbi kwenye eneo kubwa la bwawa mjini London. Mwishoni mwa karne ya 19 Agnes Pockels, mwanamke Mjerumani aliyefanya majaribio yake nyumbani, alibuni chombo cha kupima tando hizo: beseni la maji lenye kipande cha metali cha kusogezwa ili kubana utando. Barua yake ilichapishwa katika jarida la *Nature* mwaka 1891.

Mwaka 1917 Langmuir alieleza kinachotokea katika kiwango cha molekuli. Molekuli ya asidi ya steariki, ambayo hupatikana katika mafuta ya wanyama na hutumika kutengeneza sabuni, ina ncha mbili zenye tabia tofauti. Ncha moja hupenda maji. Nyingine ni mkia mrefu wa kaboni na hidrojeni unaoyakwepa maji. Zikiwekwa juu ya maji na kubanwa, molekuli hizo husimama wima zikiwa zimesongamana, vichwa vikiwa majini na mikia ikiwa hewani. Matokeo yake ni utando wenye unene wa molekuli moja tu.

Blodgett aligundua namna ya kuutoa utando huo majini na kuupachika juu ya kitu kigumu, tena tabaka juu ya tabaka. Kazi yake kuhusu matabaka mengi ilichapishwa mwaka 1935. Hatua zake ni hizi:

* Asidi ya mafuta huyeyushwa katika kimiminika kinachokauka haraka, kama benzini, na tone lake huwekwa juu ya maji yenye chumvi kidogo ya bari au metali nyingine.
* Kimiminika kikishakauka, molekuli za mafuta hubaki juu ya maji na kuungana na metali kuwa aina ya sabuni.
* Utando hubanwa kutoka pembeni hadi molekuli zishikamane bila kuacha nafasi.
* Kipande safi cha kioo au metali huzamishwa na kutolewa polepole. Kila kinapopita kwenye uso wa maji hubeba tabaka moja jipya, huku msukumo wa pembeni ukijaza nafasi iliyoachwa.

Kila tabaka la stearati ya bari lina unene wa nanometa 2.4 hivi. Ingehitajika kupanga takriban matabaka 30,000 ili kufikia unene wa unywele mmoja. Kabla ya hapo haikuwa rahisi kwa mwanasayansi kutengeneza kitu chembamba kiasi hicho na kuchagua unene wake kwa kuhesabu tu: matabaka kumi ni nanometa 24, ishirini ni 48, na kadhalika.

## Kioo kisichoakisi mwanga

Kioo cha kawaida huakisi karibu asilimia 4 ya mwanga kwenye kila upande, yaani karibu asilimia 8 kwa kipande kizima. Kwa dirisha hilo si tatizo kubwa. Lakini kamera, darubini au periskopu ya nyambizi huwa na lenzi nyingi, na upotevu huo hujirudia kwenye kila lenzi. Aidha, mwanga unaoakisiwa huku na huku ndani ya chombo huchafua picha.

Blodgett alitumia matabaka yake kuondoa hali hiyo. Kioo kikipakwa utando mwembamba, mwanga huakisiwa mara mbili: sehemu moja kutoka juu ya utando na nyingine kutoka pale utando unapokutana na kioo. Kama unene wa utando ni robo ya urefu wa wimbi la mwanga ndani yake, mwanga wa chini husafiri nusu wimbi zaidi kuliko wa juu. Kilele cha wimbi moja hukutana na bonde la wimbi lingine, na mawimbi yote mawili hufutana. Nishati ya mwanga haipotei. Kiasi ambacho kingeakisiwa hupita kwenye kioo. Kwa mwanga unaoonekana, ambao mawimbi yake yana urefu wa nanometa 400 hadi 700 hivi, unene unaofaa ni karibu nanometa 100. Blodgett aliufikia kwa matabaka 44.

Unene sahihi peke yake haukutosha. Ili mawimbi yafutane kabisa lazima yawe na nguvu sawa, na hilo hutokea tu kama utando unapinda mwanga kwa kiwango kilicho kati ya hewa na kioo. Sabuni ya bari hupinda mwanga karibu sawa na kioo chenyewe, hivyo mwanga ulioakisiwa kutoka chini ya utando ulikuwa dhaifu mno. Blodgett alitatua shida hiyo kwa kutengeneza utando wa mchanganyiko wa sabuni na asidi ya mafuta, kisha kuuchovya katika kimiminika kinachoyeyusha asidi na kuiacha sabuni. Ulibaki utando wenye unene uleule lakini uliojaa vitundu visivyoonekana, mfano wa mifupa bila nyama. Kwa kuwa sehemu yake kubwa ilikuwa hewa, ulipinda mwanga kwa kiwango kilichotakiwa. Kioo kilichopakwa utando huo kilipitisha zaidi ya asilimia 99 ya mwanga.

General Electric ilitangaza mafanikio hayo Desemba 1938, na magazeti ya Marekani yakakiita "kioo kisichoonekana". Hata hivyo utando wa sabuni ulikuwa na udhaifu mkubwa: ulikuwa laini na ulifutika kwa kidole. Njia iliyoenea viwandani ilikuwa nyingine, yaani kupaka floridi za metali ndani ya chombo kisicho na hewa. Njia hiyo ilibuniwa na Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss huko Ujerumani mwaka 1935, na kwa kujitegemea na watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani mwaka 1938. Tando hizo ni ngumu zaidi, lakini kanuni ya robo ya wimbi ni ileile. Rangi ya zambarau inayoonekana kwenye lenzi nyingi za kamera inatokana nayo: utando umepimwa kwa ajili ya mwanga wa kijani na njano, hivyo nyekundu na buluu kidogo bado huakisiwa.

## Kipimo cha rangi

Blodgett aligundua pia kwamba matabaka yake huonyesha rangi kulingana na unene, kama povu la sabuni au mafuta yaliyomwagika barabarani palipo na maji. Alitengeneza kipande cha kioo chenye ngazi ndogondogo, kila ngazi ikiwa na idadi inayojulikana ya matabaka na rangi yake. Mtu aliyetaka kujua unene wa utando mwingine aliulinganisha tu na rangi za ngazi hizo. Kifaa hicho kiliuzwa na General Electric na kilitumika katika maabara za kemia, biolojia na metali.

## Moshi wa kujificha vitani

Mwaka 1940 Langmuir na wenzake waliombwa kuchunguza vichujio vya barakoa. Mkaa hunasa gesi vizuri, lakini moshi ni jambo tofauti. Molekuli za gesi hurukaruka haraka na kugonga kuta za vitundu vya mkaa, ilhali chembe za moshi ni nzito kuliko molekuli na huweza kupita na mkondo wa hewa bila kugusa popote. Langmuir alikadiria kwamba chembe ngumu zaidi kunasa ni zile zenye kipenyo cha karibu mikromita 0.3: ni kubwa mno kurukaruka kama gesi, na ndogo mno kugonga nyuzi za kichujio kwa uzito wake. Hadi leo vichujio vya hospitali na vya maabara hupimwa kwa chembe za kipimo hicho.

Ili kupima vichujio, timu ilihitaji moshi ambao chembe zake zina ukubwa unaojulikana. Kutoka hapo kazi ikageukia moshi wa kuficha miji, bandari na askari wasionekane na ndege za adui. Njia za zamani zilitegemea kuchoma mafuta na kutoa moshi mweusi, ambao ulihitaji mafuta mengi na uliwasumbua hata wale uliokusudiwa kuwalinda.

Jibu lilipatikana katika ukubwa wa chembe. Kiasi kimoja cha mafuta kikigawanywa kuwa matone madogo zaidi, idadi ya matone huongezeka na mwanga hutawanywa zaidi. Lakini matone yakiwa madogo sana kuliko wimbi la mwanga, uwezo wao wa kutawanya mwanga huporomoka ghafla. Kipimo bora kiko katikati, karibu mikromita 0.6 kwa kipenyo, yaani sawa na urefu wa wimbi la mwanga unaoonekana. Mashine zilizobuniwa zilipasha mafuta ya kulainishia hadi yakawa mvuke, kisha zikautoa mvuke huo kwa kasi katika hewa baridi ili ugande mara moja kuwa matone ya ukubwa huo. Ukungu uliotokea ulikuwa mweupe na mzito. Tone la namna hiyo huanguka sentimita chache tu kwa saa, hivyo wingu lilidumu hewani hadi upepo ulipolisambaza. Majeshi ya Washirika yalitumia mashine hizo Afrika Kaskazini na Italia.

Sifa hizohizo zinaeleza kwa nini moshi wa viwanda, magari na moto wa misitu ni hatari. Chembe zenye ukubwa huo hubaki hewani kwa muda mrefu, hufifisha mandhari, na zikivutwa kwa pumzi hufika ndani kabisa ya mapafu.

## Matone ya mawingu na barafu kwenye ndege

Tatizo lingine la vita lilikuwa barafu. Matone ya mawingu yanaweza kubaki maji hata yakiwa na baridi chini ya nyuzi 0 za selsiasi, lakini huganda mara yanapogusa bawa la ndege. Barafu ikijikusanya, umbo la bawa hubadilika na ndege inaweza kuanguka.

Langmuir na Blodgett walitaka kujua ni matone gani yanayogonga bawa na ni yapi yanayopita pembeni. Hewa hugawanyika na kuzunguka bawa. Tone dogo hufuata mkondo wa hewa na kukwepa. Tone kubwa, kama lori lenye mzigo linalochelewa kukata kona, huendelea mbele na kugonga. Hesabu zake hazikuweza kufanywa kwa karatasi na kalamu pekee, hivyo walitumia mashine ya kukokotoa ya General Electric iliyoendeshwa kwa magurudumu na mihimili. Matokeo yao yalitolewa mwaka 1946 katika ripoti ya jeshi la anga la Marekani kuhusu njia za matone ya maji.

Ripoti hiyo ilionyesha kwamba kitu chembamba hukusanya matone kwa ufanisi zaidi kuliko kitu kinene. Ndiyo maana nyaya na matawi madogo hujaa barafu kabla ya mashina ya miti. Ilitoa pia njia ya kupima mawingu: silinda za unene tofauti huzungushwa ndani ya wingu, na kwa kulinganisha barafu iliyoshika kila moja, ukubwa wa matone hujulikana. Majaribio ya aina hiyo yalifanywa kwenye mlima Washington katika jimbo la New Hampshire. Mgawanyo wa ukubwa wa matone uliopendekezwa na wawili hao bado hutumiwa na wahandisi wanaochunguza usalama wa ndege katika hali ya barafu.

Utafiti wa matone baridi uliendelea katika maabara ileile. Mwaka 1946 Vincent Schaefer aligundua kwamba barafu kavu hugeuza matone hayo kuwa fuwele za barafu, na Bernard Vonnegut akaonyesha kwamba iodidi ya fedha hufanya vivyo hivyo. Huo ulikuwa mwanzo wa majaribio ya kisasa ya kutengeneza mvua.

## Umuhimu wake leo

Tando zinazotengenezwa kwa njia ya Blodgett huitwa tando za Langmuir–Blodgett. Njia hiyo hutumika sasa pia kupanga chembe za nanometa chache, kwa mfano za dhahabu au oksidi ya chuma. Chembe hizo kwanza hupakwa molekuli zenye mikia mirefu ili zisigandamane, kisha huwekwa juu ya maji, hubanwa na kuhamishiwa kwenye kioo kama tabaka moja.

Wanasayansi wa angahewa nao hutumia mabeseni ya aina hiyo. Mawimbi ya bahari yanapopasuka hurusha hewani matone yaliyobeba mafuta kutoka viumbe vya baharini, ikiwemo asidi ya steariki yenyewe. Mafuta hayo hujipanga juu ya tone kama yalivyojipanga katika beseni la Langmuir: vichwa ndani ya maji, mikia nje. Utando huo unaweza kubadilisha jinsi tone linavyopokea au kupoteza maji, na hivyo nafasi yake ya kuwa mbegu ya wingu. Katika chembe hizo, nyanja mbili ambazo Blodgett alizishughulikia kwa nyakati tofauti, yaani matabaka na erosoli, zimekuwa somo moja.

## Miaka ya mwisho na heshima

Blodgett alipata hataza nane katika maisha yake, nyingi zikiwa kwa jina lake peke yake. Mwaka 1951 Chama cha Kemia cha Marekani kilimtunuku medali ya Garvan, inayotolewa kwa wanawake wanakemia, na mji wa Schenectady ukaadhimisha siku maalumu kwa heshima yake. Hakuolewa. Nje ya maabara alipenda bustani na kuigiza katika kikundi cha tamthilia cha mjini kwake. Alistaafu mwaka 1963 na kufariki nyumbani kwake tarehe 12 Oktoba 1979. Mwaka 2007 aliingizwa katika orodha ya wavumbuzi mashuhuri wa Marekani.